Lami Imefika Kolo: Je, Tairi la Baiskeli Liwe Jembamba?

Msafiri aliyepita Kolo miaka ishirini iliyopita, akapita tena leo, hana budi kustaajabu. Barabara Kuu ya Kaskazini, itokayo Dodoma na kupitia Kondoa hadi Babati, ambayo zamani ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, sasa ni lami kwa kilomita zote 251. Ilifunguliwa rasmi mwezi wa Aprili 2018, na tangu hapo mambo mengi yamerahisika: mgonjwa huwahishwa hospitali, alizeti hufika sokoni Dodoma kabla jua halijatua, na mwalimu aliyekwenda mjini kwa shughuli za shule hurejea siku ile ile. Hakuna mtu mwenye akili timamu anayeililia barabara ya zamani.

Hata hivyo, lami ni utepe mmoja tu katika nchi pana. Ukiiacha pale Kolo na kuelekea upande wa Mungumi, penye michoro ya miambani ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, utakutana, katika mwendo wa kilomita 9 hivi, na karibu kila aina ya ardhi ambayo gurudumu linaweza kukanyaga: changarawe iliyoshindiliwa, changarawe iliyolegea, vijituta vilivyopangana kama bati, mchanga mzito wa korongo kavu, na mwishowe mwamba wenyewe. Wanafunzi wengi wa sekondari za sehemu hizo hawakai kando ya lami. Wanakaa huko ndani. Kila asubuhi huianza safari yao katika mchanga na kuimalizia katika lami, na jioni huianza katika lami na kuimalizia katika mchanga, wakiwa wamechoka.

Kila niendapo huko kwa likizo nimekuwa nikiona jambo moja linaloenea. Watu wanayavua matairi mapana ya baiskeli zao na kuvalisha membamba. "Lami imefika," husema, "tairi pana la nini tena?" Kisha hulijaza lile jembamba upepo mpaka likigongwa kwa kidole liite kama debe tupu. Kwa maoni yangu jambo hili ni kosa, na nina haki ya kulisema kwa sauti, kwa kuwa nililitenda mimi mwenyewe.

Nilisomea shahada ya udaktari nchini Uholanzi, nchi ambayo ina baiskeli nyingi kuliko watu, na ambayo njia zake za baiskeli ni tambarare na laini kama meza. Huko nilizoea tairi jembamba na gumu. Niliporudi nyumbani nilikuja na shahada yangu, na pamoja nayo nikaja na mazoea hayo bila kuyakagua forodhani. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alipoanza kidato cha pili alikuwa na baiskeli ya mtumba ya magurudumu ya inchi 26, yenye matairi ya upana wa 1.95 yaliyokwisha kuwa vipara. Nikamnunulia mjini Dodoma matairi mapya ya upana wa 1.25, laini, mazuri kutazama. Nikayavalisha mwenyewe na kuyajaza upepo mwenyewe, mbele ya kibanda cha fundi wa baiskeli, nikiwa nimekunja mikono ya shati. Nilimwambia kijana kwamba sasa atapaa.

Alipaa kweli. Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba, akiteremka kwenye korongo lililo kati ya kwao na barabara kuu, gurudumu la mbele lilizama mchangani na kujikata upande, naye akatangulia mbele ya baiskeli. Alivunjika mtulinga. Mtihani wa taifa wa kidato cha pili aliufanya mkono ukiwa umening'inizwa shingoni kwa kitambaa, na majuma kadhaa ya masomo yalimpotea. Nilipokwenda kumwona fundi ili aitengeneze ile baiskeli, mzee yule aliyazungusha magurudumu kwa muda, kisha akasema: "Nilikuona siku ile unajaza, Mwalimu. Nikasema moyoni, huyu ni mtu wa chuo kikuu, atakuwa anajua."

Sentensi hiyo haijanitoka. Mzee alijua, mimi ndiye sikujua, na shahada yangu ndiyo iliyomfunga mdomo.

Sasa tuangalie alichokuwa akikijua. Wanafunzi wote wa fizikia wamekariri, tena kwa Kiingereza, kwamba kani ikigawanywa kwa eneo hutoa kile ambacho kwa Kiswahili huitwa kanieneo. Katika vitabu kanuni hiyo hufundishwa kwa misumari, mabwawa na visigino vya viatu vya akina mama. Ni nadra kufundishwa kwa kitu ambacho nusu ya darasa wamekuja nacho shuleni asubuhi hiyo na kukiegemeza ukutani.

Tuchukue mwanafunzi wa kilo 55, baiskeli ya kilo 20, na mzigo wa kilo 25 juu ya keria, yaani dumu la maji la lita 20 pamoja na mkoba wa vitabu. Jumla ni kilo 100, ambazo uzito wake ni karibu nyutoni 1,000. Kwa kuwa mzigo uko nyuma, tuseme gurudumu la nyuma linabeba nyutoni 600. Tairi la upepo hubonyea mpaka kani ya hewa iliyo ndani, katika lile eneo linalogusa ardhi, itoshane na uzito lililobebeshwa. Kwa hiyo, ikiwa kanieneo ya ndani ni kilopaskali 500, ambazo ni kama paundi 73 katika geji, eneo linalogusa ardhi litakuwa 600 gawanya kwa 500,000, yaani sentimita za mraba 12. Hilo ni dogo kuliko uso wa kiberiti. Ukipunguza upepo hadi kilopaskali 200, kama paundi 29, eneo linakuwa sentimita za mraba 30, karibu viberiti viwili. (Ubavu wa tairi nao hubeba sehemu ndogo ya uzito, kwa hiyo hesabu hii ni ya makadirio, lakini makadirio yenyewe ni mazuri.)

Mchanga hauna habari na jina la tairi. Unachokihisi ni kanieneo, na ikizidi kiasi unachoweza kukihimili, chembe zake huteleza zikapishana na gurudumu huzama. Mwanafunzi huyo huyo akishuka na kusimama kwa mguu mmoja, wenye unyayo wa sentimita za mraba 150 hivi, anaukandamiza mchanga kwa kilopaskali 37 tu. Ndiyo sababu anaweza kutembea mahali ambapo baiskeli yake imekwama. Na ndiyo sababu ngamia, mwenye unyayo laini unaotanuka akikanyaga, hupita jangwani palipomshinda punda.

Gurudumu likishazama, hatari ni mbili. Ya kwanza ni uchovu: gurudumu husukuma mbele yake tuta dogo la mchanga na kulipanda bila kufika kileleni, kwa maana tuta nalo husogea. Ya pili ndiyo iliyomwangusha mpwa wangu. Gurudumu la mbele lililozama kama kisu haligeuki kwa hiari ya mwendeshaji. Likigeuzwa kidogo tu, ukuta wa mchanga hulishika ubavuni na kulisimamisha. Baiskeli husimama, mwendeshaji huendelea.

Yafaa nieleze kwa ufupi mchanga huu ulitoka wapi, kwa kuwa si wa asili ya mabonde yale. Vilima vya Irangi vilimomonyoka vibaya, na udongo wake ukasombwa na maji hadi mabondeni na kujaza makorongo. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, maarufu kama HADO, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa katika eneo la Kondoa lenye kilomita za mraba zipatazo 1,250. Miti imerudi katika sehemu nyingi za vilima hivyo. Lakini mchanga uliokwisha kuteremka haukupanda tena mlimani. Mtoto wa leo anayesukuma baiskeli korongoni anasukuma katika vilima vya babu yake.

Najua jibu nitakalopewa: sawa, mchanga ni mita mia mbili au tatu tu, lakini lami ni kilomita tano, je, si afadhali nipate shida kidogo mchangani na kufaidi kwenye lami? Jibu hili lina akili, na linastahili hesabu badala ya dharau. Tuseme kwamba ili kuiviringisha baiskeli yetu ya kilo 100 kwenye lami nzuri inahitajika kani ya nyutoni 6, na tuukubali ukarimu kwamba tairi jembamba linaokoa nyutoni 1 kati ya hizo. Katika kilomita 5, yaani mita 5,000, nishati iliyookolewa ni jouli 5,000. Sasa tuseme kwamba mchangani tairi hilo hilo linaongeza nyutoni 100 za ukinzani, jambo lisilo la ajabu kwa yeyote aliyesukuma baiskeli katika korongo. Jouli 5,000 zote zilizookolewa kwenye lami zitakwisha katika mita 50 za mchanga. Na hata pasipo mchanga, faida yenyewe ni ndogo mno: ukizingatia kwamba mwili wa binadamu hutumia kama robo tu ya nishati ya chakula katika kuendesha pedali, faida ya kilomita zile tano haifikii kijiko cha chai cha sukari.

Tena ukarimu wangu ulikuwa mkubwa kupita kiasi. Tairi linapoviringika hukunjwa pale linapogusa ardhi na kukunjuka linapoiacha, na katika kila mkunjo mpira hubakiza sehemu ya nishati kama joto. Huo ndio ukinzani wake mkubwa kwenye lami. Kwa kanieneo moja na uzito mmoja, tairi pana na tairi jembamba huwa na eneo lile lile la kugusa ardhi, lakini umbo la eneo hilo ni tofauti: la tairi jembamba ni refu na dogo kwa upana, la tairi pana ni fupi na kubwa kwa upana. Eneo refu maana yake ni kwamba tairi limebonyea zaidi, na mkunjo ni mkubwa zaidi. Kwa hiyo tairi pana lenye kitambaa chepesi, kwa kanieneo ile ile, huviringika kwa urahisi kuliko jembamba. Tairi jembamba limepata sifa yake kwa sababu watu hulijaza upepo mwingi zaidi, basi.

Na upepo mwingi una gharama ambayo haionekani katika maabara yenye sakafu laini. Kwenye changarawe tairi gumu halimezi kokoto. Huipanda, na kila mpando huinua baiskeli na mwendeshaji na mzigo. Nishati iliyotumika kuwainua hairudi yote. Sehemu yake hupotea katika misuli na matumbo ya mwendeshaji na katika mtikisiko wa mzigo. Mtu aliyeendesha kwenye vijituta vya bati kwa nusu saa anaijua gharama hiyo mikononi. Spoku zinaijua pia, na huikatikia.

Tusisahau kwamba tairi la upepo lilizaliwa kwa ajili ya barabara mbaya. Robert William Thomson alilipatia hataza Uingereza mwaka 1845, likasahauliwa. Ndipo mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo mjini Belfast, akalibuni upya kwa sababu mtoto wake alikuwa akitikiswa mno na baiskeli ya magurudumu matatu iliyovalishwa mpira mgumu. Mtu anayejaza tairi mpaka liwe jiwe anaufuta uvumbuzi wa Dunlop kwa pampu aliyoinunua kwa fedha zake.

Hata wale tuliokuwa tukiwaiga wamebadilika. Waendeshaji wa mashindano ya barabarani huko Ulaya, ambao zamani walitumia matairi ya milimita 23 yaliyojazwa mno, leo wanatumia ya 28, ya 30, na zaidi. Na umezuka mchezo mzima wa baiskeli za changarawe, ambazo ni baiskeli nyepesi zenye matairi ya milimita 40 hadi 50, zilizokusudiwa hasa kwa safari iliyo nusu lami na nusu vumbi. Mji mdogo wa Emporia katika jimbo la Kansas, Marekani, umeandaa mashindano ya aina hiyo tangu mwaka 2006. Mwaka 2021 yalianzishwa mengine katika nchi ya Wamasai nchini Kenya. Na mwaka 2022 yakafanyika ya kwanza ya ubingwa wa dunia. Huwa natabasamu nisomapo habari hizi. Kile ambacho matajiri wamekigundua karibuni na kukinunua kwa bei ya ng'ombe kadhaa, mzee mwenye Phoenix yake amekuwa akikiendesha Kolo kwa miaka arobaini: tairi la milimita 40, lami kidogo na vumbi jingi.

Basi mwanafunzi atachaguaje? Kwanza asome ubavu wa tairi. Hapa pana mtego unaowapotezea wananchi fedha kila siku. Neno "inchi 28" au "inchi 26" halitoshi. Tairi la Phoenix na ndugu zake limeandikwa 28 × 1½, na kwa vipimo vya kimataifa 40-635: namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha ringi pale ukingo wa tairi unapokaa. Lakini liko tairi jingine linaloitwa 28 ambalo namba yake ya pili ni 622. Tofauti ni milimita 13, nalo halitaingia hata fundi akiliapia. Vivyo hivyo tairi la inchi 26 lenye upana ulioandikwa kwa desimali, kama 1.95 au 2.10, kwa kawaida ni la 559, ilhali 26 × 1⅜ ni la 590. Tazama ile namba ya pili; nyingine zote ni majina ya biashara.

Namba hiyo ina jambo jingine la kuzingatia, nalo ni duka. Tairi la 635 na la 559 hupatikana karibu kila penye duka la vipuri vya baiskeli. La 622 pana, lile la baiskeli za changarawe, ni adimu nje ya miji mikubwa. Kijana akiletewa na mjomba wake baiskeli nzuri ya 622 kutoka ng'ambo, aletewe na matairi ya akiba, la sivyo itakuja kuning'inia ukutani.

Kuhusu upana, ushauri wangu hauna mzunguko: tairi pana kuliko yote ambayo foki na breki zako zitaruhusu kuzunguka bila kugusa, na nafasi ya kidole ibaki kwa ajili ya tope la masika. Kwa Phoenix ni lile lile la 40. Kwa baiskeli ya 559 ni 1.95 au 2.10, yaani milimita 50 au 53. Kuhusu meno ya tairi, au kashata kama wasemavyo mafundi, watu huyapa umuhimu kupita kiasi. Meno marefu husaidia katika tope na udongo laini wenye kushikana. Katika mchanga mkavu hayasaidii sana, kwa kuwa hakuna cha kushika, na kwenye lami hupindapinda na kula nishati. Wala si kweli kwamba tairi laini la baiskeli litaelea juu ya maji kwenye lami wakati wa mvua kama lielavyo la gari: eneo lake ni jembamba na mwendo ni mdogo, maji hupata nafasi ya kutoka. Linalofaa kwa njia zetu ni lile lenye mstari wa katikati ulio laini au wenye meno mafupi yaliyokaribiana, na meno makubwa zaidi pembeni.

Ukiwa na fedha za tairi moja tu zuri, liweke mbele. Gurudumu la nyuma likiteleza, mara nyingi mwendeshaji hujikusanya. La mbele likiteleza, hana wakati. Hili nalo mafundi wengi wanalijua, lakini wateja hudai jipya liwekwe nyuma kwa sababu la nyuma ndilo linaloisha upesi. Kwenye lami yenyewe, tairi pana lina faida ambayo wanafunzi huikumbuka wanapopigiwa honi na lori: linaweza kushuka ukingo wa lami na kuupanda tena. Jembamba, likiuchokoza ukingo huo kwa ubavu, hukataa kupanda na kumlaza mwendeshaji barabarani. Afadhali kushuka kabisa, kusimama, na kupanda kwa miguu. Wahandisi wetu nao wangetusaidia kwa kuusawazisha udongo wa mabega ya barabara kila baada ya mvua.

Miiba sitaisemea sana. Ukiwa na mgunga juu na mbigiri chini, pancha ni sehemu ya maisha, na tairi lenye mpira mnene wa juu ndilo kinga. Wapo wanaotandika ndani vipande vya tairi kuukuu. Vinazuia mwiba, vinaongeza uzito, na mtu mwenye safari ya mbali atajiamulia. Matairi ya kisasa yasiyo na mpira wa ndani, yanayotiwa maji ya utomvu ya kuziba matundu, ni mazuri huko yaliko. Hapa kwetu, pasipo maji hayo wala kompresa, bado hayajawa jibu.

Limebaki swali la upepo, ambalo kwangu ni kubwa kuliko upana. Geji haisaidii sana, maana baiskeli zetu nyingi bado zina valvu ya zamani yenye kijipira chembamba ndani, ambayo hairuhusu geji kusoma sawasawa. Kidole gumba nacho hudanganya. Kinachokihisi kidole hasa ni mkazo wa kitambaa cha tairi, na mkazo huo ni zao la kanieneo na nusu ya upana wa tairi. Tairi la milimita 50 lenye kilopaskali 300 huwa na mkazo sawa na la milimita 25 lenye kilopaskali 600. Anayetaka tairi pana liwe gumu kidoleni kama jembamba bila shaka atalijaza kupita kiasi.

Tumia rula. Egemeza baiskeli ukutani pasipo mtu na upime kutoka ardhini hadi ukingo wa ringi. Kisha mwendeshaji apande pamoja na mzigo wake wa kawaida, na mwenzake apime tena. Frank Berto, Mmarekani aliyelichunguza jambo hili, alipendekeza tairi libonyee asilimia 15 ya kimo chake. Kwa tairi la 40 hiyo ni milimita 6. Kwa la 50 ni 7 au 8. Pima mbele, pima na nyuma, kwani hayabebi sawa, na la mbele litahitaji upepo mdogo zaidi. Kabla ya kipande kirefu cha mchanga, mwenye tairi la 50 anaweza kuliacha libonyee hadi milimita 10 au 12, mradi awe na pampu ya kulijaza tena atakapofika penye mawe. Ukivuka mpaka huo, ringi itaubana mpira wa ndani dhidi ya jiwe na kuutoboa matundu mawili yaliyo sambamba, kama alama ya meno ya nyoka. Ukiyaona matundu hayo usilaumu mwiba.

Mwalimu wa fizikia anaweza kulifanya yote haya kwa kipindi kimoja cha vitendo. Paka masizi kwenye tairi, likandamize juu ya karatasi ya miraba mwanafunzi akiwa amepanda, hesabu miraba iliyochafuka, na ulinganishe na mizani. Rudia upepo ukiwa umepunguzwa. Darasa litaiona kanieneo kwa macho. Kisha waiachie baiskeli iteremke bila pedali katika mteremko mdogo wa kiwanja cha shule, kamwe isiwe barabara kuu, na wapime inafika wapi kwenye udongo mgumu na inafika wapi kwenye mchanga.

Mpwa wangu sasa yuko kidato cha nne. Baiskeli yake ina matairi ya 1.95, jipya likiwa mbele, na rula iko mkobani. Yule mzee fundi amekubaliana nami kuhusu upana, lakini anashikilia kwamba asilimia 15 ni nyingi mno kwa mtu anayebeba madumu matatu, na kwamba ringi za wateja wa namna hiyo zitapinda kabla ya Ramadhani. Nimemwahidi kwamba katika likizo ya Desemba, kabla mvua haijakolea, tutapima pamoja pale kibandani kwake, madumu matatu yakiwa juu ya keria. Safari hii nimemwomba asininyamazie.